Mbonimpa azivisha nyumba ngozi, amngoja Therese

Saa mbili kasoro asubuhi, ukungu bado umelala katika njia panda ya Omurushaka kama ng'ombe asiyetaka kusimamishwa, na Xaveri Mbonimpa ameshalowa mpaka nyusi. Bomba la kupulizia liko mgongoni. Mkono wa kushoto unasukuma mpini, juu, chini, juu, chini. Wa kulia umeshika fimbo ya shaba yenye tundu dogo kwenye ncha, na katika tundu hilo unatoka ukungu mwingine, wa rangi ya chai ya maziwa. Unaelea hewani kidogo kama unaulizia njia, kisha unatua ukutani bila kelele.

Ukuta huo ni wa ghala la Shaaban, mwenye duka, ambaye babu yake alikuja huku na bidhaa kutoka pwani, akaonja ndizi, akasahau kurudi. Matofali yake ni mabichi, na nyufa zake zinamtosha mjusi kuhamia na ukoo mzima. Kila kiangazi upepo hupita humo, huchanganya vumbi na sukari, na Shaaban huonekana mwizi mbele ya wateja wake.

"Mbonimpa," anaita Shaaban kutoka mlangoni, kikombe mkononi, "angalia bwana, usije ukaniziba na riziki."

"Riziki inapita mbele, Bwana Shaaban. Huku nyuma unapita upepo tu."

"Na mkwe je? Umepata dawa ya kumzuia mkwe?"

Wanacheka wote wawili, lakini mkono wa Xaveri umesimama juu ya mpini. Mkwe ndiye shughuli yenyewe. Malipo ya ukuta huu ni safari moja tu ya gari: Jumamosi, pikapu ya Shaaban itakwenda Kibingo, upande wa Kyerwa, kumchukua mkwe huyo, bibi mmoja mwenye kiko, na kumleta Chonyonyo, aizunguke nyumba ya Xaveri kwa nje.

Bibi akiridhika, mtoto wa Xaveri atarudi nyumbani. Asiporidhika, atabaki huko huko.

Xaveri ana miaka thelathini na minane na kazi yake haina jina katika ofisi yoyote. Watu wa Karagwe wamempa jina wenyewe: Fundi Ngozi. Anapuliza juu ya kuta za nje maji mazito ya udongo na utomvu, tabaka juu ya tabaka, mpaka yanapokauka na kuwa ngozi nyembamba, laini, inayovutika kidogo ukiikandamiza kwa kidole. Mvua ikiipiga huteleza. Upepo ukiigonga hurudi ulikotoka.

Kwa nyumba moja hupewa debe la maharage, au mikungu miwili ya ndizi, au ahadi. "Ahadi ndizo nyingi," anasema. "Nikizipanga vizuri zinafika mpaka darini."

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa vibarua, na yeye akakulia katika mashamba ya watu, akipalilia migomba asiyokula ndizi zake. Alipigwa na jua, akapigwa na malaria, na mara moja akapigwa teke na dume la ng'ombe ambalo hata leo analitaja kwa heshima. "Lile dume lilinifundisha kusimama upande," anasema. "Shule nyingine ziko mbali, hiyo ilinifuata yenyewe."

Kazi ya ng'ombe ndiyo iliyomweka bomba mgongoni. Alikuwa akizunguka zizi kwa zizi akiwapulizia ng'ombe wa watu dawa ya kupe. Tajiri mmoja alipopata bomba jipya, lile bovu akalitupa kando ya josho, na Xaveri akaliokota, akalitengenezea mkanda wa ngozi ya mbuzi, na washa, vile vipira vya kuzuia maji yasivuje, akazikata katika kandambili yake ya kushoto. Kwa muda wa wiki kadhaa alitembea na kandambili moja. Watu wakamwuliza kama amelogwa mguu mmoja tu.

Alikuwa na mke, Speciose. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili mgongoni mwa kilima, miti na fito, udongo ndani na nje, bati juu. Na alikuwa na Therese, binti wa pekee, aliyezaliwa mwaka 1981 mdogo kama kikapu cha mayai.

Anayejua Chonyonyo anajua upepo wa pale juu. Mwezi wa sita unaanza kunong'ona, mwezi wa saba unasema waziwazi. Unapita juu ya migomba, unapasua majani, kisha unafika kwenye nyumba za mgongoni na kuzipuliza kama mtu anayepuliza filimbi. Nyumba ya Xaveri ilikuwa na sauti yake. Majirani walikuwa wakisema wanaitambua gizani.

Kiangazi cha mwaka 1984, kifua cha Therese kilianza kuimba pamoja na nyumba. Upepo ukiingia, mtoto anabanwa. Ukitulia, anatulia. Daktari wa misheni akawaambia ni pumu, na kwamba mahali pa baridi na upepo hapamfai.

Habari ilipomfikia Mukamusoni, mama yake Speciose, alifunga kanga mbili, akawasha kiko, akatembea siku mbili kutoka Kibingo mpaka Chonyonyo. Hakuingia ndani. Katika ukoo wake, tangu walipotoka Rwanda na hata kabla, mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake wa kiume, wala mkwe haingii yake, wala hawaangaliani usoni, wala hawasemezani bila mtu wa katikati. Alikaa kwenye kigoda migombani, mgongo kwa nyumba, akamsikiliza mjukuu wake anavyopumua kwa kupitia ukutani.

"Unasikia?" alimwuliza binti yake.

"Nasikia, mama."

"Mimi niko nje, yeye yuko ndani, na namsikia kama yuko mapajani kwangu. Huo ni ukuta au ni chandarua?"

Xaveri alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, uso ameuelekeza kwenye mgomba kama inavyotakiwa. Akamwambia mke wake, akimtaja mama mkwe kwa jina la heshima, "Mwambie Mabukwe nitaukandika upya."

"Mwambie Baba Therese," alijibu bibi, naye akimwambia Speciose, "akandike taratibu asichoke. Mtoto namchukua. Kwangu ni bondeni, nyumba imezungukwa na migomba pande zote. Atarudi siku nyumba yenu itakapojua kufunga mdomo."

Akamfunga Therese mgongoni, akaondoka. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Hakulia. Alikuwa akiushangaa moshi wa kiko.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya pili, Xaveri huondoka Chonyonyo kabla ya jogoo, kwa baiskeli isiyo na breki ya nyuma, akafika Kibingo jua likiwa limeinama. Anakaa chini ya mibuni, nje kabisa ya ua. Therese anatolewa kwake kama kahawa ya mgeni, na bibi anazunguka nyuma ya nyumba mpaka baba atakapoondoka. Halafu Xaveri analala njiani, kwa rafiki yake mmoja kijijini Nkwenda, akirudi kesho yake.

"Anakuja anakimbia," anasema Xaveri. "Anakimbia! Kwetu hakuwahi kukimbia. Nafurahi, halafu nahisi kama nimemezwa na kitu. Ananiuliza, 'Baba, nyumba imeshanyamaza?' Namwambia bado kidogo. Ananiambia, 'Iambie mimi nimekua.'"

Njiani, akiwa juu ya baiskeli, ndipo alipoanza kuota mchana. Anaiona nyumba yake imetulia kama mtu aliyeshiba. Anauona moto wa koroboi umesimama wima, haupepei hata kidogo, na chini ya mwanga huo mtoto amelala mdomo wazi. Mara mbili ndoto hiyo ilimwingiza mtaroni na baiskeli yake.

Ndoto haikandiki ukuta. Alijaribu udongo na samadi, ukakauka, ukapasuka. Alijaribu kubandika magazeti kwa uji wa muhogo. Panya wakala uji, magazeti wakayaacha. Alijaribu kutafuta saruji, lakini tangu vita vile vya mpakani saruji katika wilaya ilikuwa inasikika zaidi ya kuonekana. Ilikuwa imefika Bukoba, ilikuwa njiani, ilikuwa kwa kibali, ilikuwa imekwisha.

Siku moja alikuwa akimpulizia dawa ng'ombe mzee mwenye manyoya marefu. Akaona jinsi yale matone madogo yanavyopenya katikati ya manyoya mpaka kwenye ngozi, mahali ambapo hakuna kiganja ambacho kingefika.

"Nikasimama pale kama mjinga," anasema. "Nikajisemea, nyumba yangu nayo ina manyoya. Ina majani, ina fito, ina mashimo ndani ya mashimo. Mimi naipaka juu juu tu, kama mtu anayempaka ng'ombe mafuta ya nywele."

Ikabaki kutafuta dawa. Udongo aliupata kwenye kichuguu, kwa sababu mchwa hajengi kwa udongo mbovu. Akauloweka, akauchuja kwa kanga kuukuu ya Speciose mpaka ukawa kama maziwa. Lakini udongo peke yake ukikauka unapasuka. Alihitaji kitu kinachovutika.

Hapo akakumbuka ulimbo. Kila mtu aliyekulia Karagwe anaujua mtoma, ule mti ambao zamani gome lake liligongwa likawa nguo. Ukiuchanja unatoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukiachwa unakuwa mnato wa kunasia ndege. Xaveri akauchanja mapema asubuhi, akauchanganya utomvu na maji ya udongo ukiwa bado mbichi na mwepesi, akaujaza katika bomba.

Mara ya kwanza tundu liliziba. Mara ya pili mpira ulipasuka, akarudi nyumbani mweupe upande mmoja, na Speciose akamwuliza kama amepata kipaimara cha pili. Mara ya tatu ukungu ukatoka, mwembamba, mzuri, ukaingia katika zile nyufa kana kwamba ulikuwa unaitwa kwa jina.

Kabla hajafika mbali, mwezi wa saba mwaka 1985, bibi alikuja kutazama. Kwa kuwa haruhusiwi kuingia, ilibidi ajue hali ya ndani akiwa nje, na hapo ndipo Mukamusoni alipobuni jambo ambalo leo Fundi Ngozi hulifanya kwa kila mteja wake.

Alimwagiza Speciose awashe majani mabichi ya mgomba katika chungu kibovu katikati ya nyumba, afunge mlango, atoke. Kisha yeye akaanza kuizunguka nyumba na fimbo yake, taratibu, kiko mdomoni, akitazama moshi unapotokea.

Ulitokea kila mahali. Chini, juu, kwenye pembe, kwenye maungio ya fito. Nyumba nzima ilifuka kama ugali uliotoka jikoni.

"Mwambie Baba Therese," alisema, "nyumba yake inavuta tumbaku kuliko mimi."

Xaveri hakukasirika. Alizunguka nyuma yake kwa mbali, akiweka alama ya mkaa kila mahali moshi ulipochungulia. Alipomaliza ukuta ulikuwa umejaa madoadoa kama kanga. Sasa alijua pa kupulizia.

Alipuliza mwezi wa tisa. Akapuliza wa kumi. Novemba akamaliza tabaka la mwisho, nene kuliko yote, jioni ya siku tulivu, akasimama akiutazama ukuta unavyong'aa kwa mwanga wa machweo. "Ulikuwa mzuri," anasema. "Ulikuwa kama umelambwa. Nikalala nikijua kazi imekwisha."

Alikuwa amesahau jambo moja tu, na hakuna mtu wa Kagera anayeruhusiwa kulisahau: Novemba ni mwezi wa senene, wale panzi wa kuliwa.

Alfajiri alizinduliwa na vicheko. Alipofungua mlango aliona wanawake nusu ya kijiji wamesimama mbele ya nyumba yake na makopo, vikapu, hata sufuria. Ukuta haukuonekana. Ulikuwa kijani. Senene walikuwa wametua juu ya ulimbo mbichi, wakanasa, wakaja wengine kuona wenzao wanafanya nini, wakanasa nao. Jogoo wa Eustadia, jirani yake, aliyetaka kifungua kinywa cha bure, alikuwa amebandikwa kwa bawa moja, akilalamika.

"Baba Therese!" Eustadia alipiga vigelegele. "Wanaume wengine wanawanunulia wake zao kanga. Wewe umemletea Speciose senene mpaka mlangoni!"

"Eustadia, tafadhali, msiwabandue!"

"Tuwaache waoze? Wewe mtu wa wapi?"

"Mnabandua ukuta wangu!"

"Ukuta utapata mwingine. Senene mpaka mwaka ujao."

Hakuna aliyemsikiliza, na kusema kweli hata Speciose alikuwa ameshajaza sufuria. Kila senene aliyebanduliwa aliondoka na kipande kidogo cha ngozi. Jogoo aliondoka na kipande kikubwa. Jua lilipopanda, kijiji kizima kilinuka senene wa kukaanga, na ukuta wa Xaveri ulibaki na vitundu visivyohesabika.

"Nami niliwala," anakiri. "Walikuwa watamu. Kila nikitafuna najua natafuna ukuta wa mwanangu, lakini walikuwa watamu."

Januari bibi alikuja tena, chungu kikawashwa, moshi ukatoka katika kila kitundu, mwembamba kama uzi. Mukamusoni alizifuata nyuzi hizo kwa ncha ya fimbo, moja moja.

"Mwambie Baba Therese nyumba yake imepona kikohozi," alisema mwishoni, "imeugua ndui."

Akaongeza jambo jingine, na hilo halikuwa la kuchekesha. Miguu yake imechoka. Hatatembea tena kutoka Kibingo. Na Therese akifika miaka saba ataandikishwa shule ya karibu na anakolala. Mtoto akianza darasa la kwanza Kibingo, akapata marafiki Kibingo, akapata njia yake ya kisimani Kibingo, hata nyumba ya Chonyonyo ikinyamaza itakuwa imenyamaza bila mtu wa kuisikiliza.

Therese anatimiza miaka saba mwakani. Ndiyo maana mwaka huu wa 1987 Xaveri hatanii sana mwezi wa saba unapofika.

Mwaka mzima uliopita amefanya kazi kwenye kuta za watu wengine, na kila ukuta ulikuwa shule. Amejifunza kuweka tabaka nyembamba tatu badala ya moja nene, akingoja kila moja isishike kidole. Amejifunza kupuliza dari la matete kwa juu, kwa sababu upepo ukinyimwa ukuta unapanda. Zaidi ya yote amejifunza majivu: kabla jua halijazama, anachekecha majivu makavu na kuyapeperusha juu ya ngozi mbichi, mnato unafunikwa, senene akitua anateleza na kwenda zake. Yote hayo ameyarudisha kwenye nyumba yake mwenyewe, na Eustadia bado hajamsamehe kwa yale majivu.

Jumamosi imefika. Pikapu ya Shaaban inapanda kilima kwa kunung'unika, na mbele, karibu na dereva, amekaa Mukamusoni, ameshikilia dirisha kwa mikono miwili kana kwamba ndiye anayelizuia gari lisianguke. Upepo ni mkali. Migomba inapiga makofi.

Xaveri anasogea upande wa mibuni, uso pembeni. Amevaa shati lake la Pasaka. Anatafuna buni mbili, zile za kukaribishia wageni, alizoziweka mfukoni, na hazina ladha.

Speciose anawasha majani. Anafunga mlango. Anatoka akikohoa, anasimama karibu na mama yake.

Bibi anazunguka. Upande wa kwanza, hakuna. Upande wa pili, ambako upepo unapiga moja kwa moja na ambako nyumba ilikuwa ikiimba kwa sauti ya juu, hakuna. Anainama, anaweka shavu lake ukutani, anafumba macho. Anaonekana kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Anapiga hatua, anasikiliza tena. Pembe, hakuna. Chini ya bati, hakuna. Anazunguka mara ya pili, upande mwingine, kama anayetaka kuishtukiza nyumba.

Moshi hauko nje. Uko ndani wote.

Dereva wa Shaaban anazima redio. Xaveri, aliye mbali, anauona ule moto wa koroboi wima katika ndoto yake, na safari hii hauzimiki wala haupepei.

"Speciose," anasema bibi. "Fungua mlango."

Speciose anafungua. Moshi unatoka kama ng'ombe waliofungiwa, mzito, mweupe, unamfunika mtu mzima, na unaendelea kutoka, na hauishi.

Mukamusoni anautazama mpaka mwisho. Anatoa kiko mdomoni.

"Mwambie Baba Therese amejenga chungu."

"Mama?"

"Chungu. Chungu kizuri, sijaona kama hicho. Lakini mtoto ni muhogo, kwamba utamfunika apikike? Mimi nilisema nyumba ifunge mdomo. Sikusema ikabe koo."

Xaveri anafumba macho. Miaka mitatu ameziba. Amechanja mitoma ya mlima mzima, ameziba ufa, ameziba tundu la sindano, ameziba njia ya siafu, na sasa kosa lake ni kuziba. Anataka kucheka, na anaona kwamba hawezi.

"Muulize Mabukwe," anasema, "sasa anataka nini."

Bibi anageuka. Anatembea mpaka upande wa nyuma, ule uliokingwa na kilima, ambako hata leo jani la mgomba limetulia. Anapima kwa macho. Kisha anachora kwa ncha ya fimbo yake juu ya ile ngozi laini, mstari, mstari, mstari, mstari. Mraba, kimo cha kifua cha mtu mzima.

"Mwambie akate hapa."

Panga analo. Lakini Fundi Ngozi anasimama mbele ya mraba ule na mkono haupandi. Anaujua ukuta huo. Anajua ni wapi tabaka la pili lilishikwa na mvua na ni wapi alirudia. Speciose anakuja karibu, anamwambia kwa sauti ya chini, "Kata, Baba Therese. Usipokata wewe nitakata mimi, na unajua mimi sijui kukata sawasawa."

Anakata. Ngozi inavutika kabla ya kupasuka, udongo unadondoka, fito zinalia. Mwanga unaingia ndani ya nyumba mahali ambapo haujawahi kuingia, na moshi uliobaki unatoka polepole kupitia hapo, bila haraka, kama mgeni anayeaga. Speciose amefunga mlango tena, upepo unapiga upande wa mbele kwa hasira, na ndani hakuna kinachotikisika.

Xaveri anasogea kando kama desturi inavyotaka, mpaka upande wa pili wa nyumba, ili Mabukwe apite. Kwa hiyo haoni kinachofuata. Anasikia tu.

Anasikia fimbo ikiegemezwa ukutani. Anasikia kanga.

Mukamusoni amesimama kwenye dirisha, mikono miwili juu ya ukingo, na anatazama ndani. Haijamtokea kabla. Binti yake ameolewa miaka minane, na mama hajawahi kukiona kitanda chake, wala mkeka wake, wala Bikira Maria wake wa karatasi, wala vikombe vyake vinne vilivyopangwa juu ya kitambaa alichokidarizi akiwa msichana Kibingo. Mlango ulikuwa mwiko. Kuhusu dirisha, mababu hawakusema chochote, kwa sababu hawakuwa nalo.

"Kile kitambaa," anasema hatimaye. "Bado unacho."

"Ninacho, mama."

"Na kile kitanda kidogo ni cha nani?"

"Cha Therese. Baba yake alikitengeneza mwaka juzi."



"Mbona mmekiweka mlangoni? Kisogezeni huku dirishani, mtoto apate hewa. Na wekeni kibao cha kufunga jioni."

Upande wa pili wa nyumba, Xaveri Mbonimpa anateleza taratibu, mgongo ukiwa umeegemea ngozi aliyoipuliza mwenyewe, mpaka anakaa chini udongoni na shati lake la Pasaka.

Jioni, pikapu imeshaondoka na bibi, na ndani ya nyumba mke na mume wamekibeba kitanda, mmoja kila upande. Hakiingii sawasawa pale dirishani. Mguu mmoja mfupi. Wamekisogeza, wamekigeuza, wamekisogeza tena, na Speciose anasema fundi wa nyumba za watu hajui kutengeneza kitanda.

Xaveri ana mipango. Anataka kila nyumba ya mgongoni mwa kilima ipate ngozi upande wa upepo na dirisha upande wa kimya, na safari hii atamwambia mteja mambo yote mawili kabla ya kuanza. Anataka kupata bomba la pili, ili Speciose awe anapuliza juu na yeye chini. Januari anataka kumwona Therese akishuka kwenda darasa la kwanza Chonyonyo pamoja na watoto wa Eustadia.

Lakini kwanza anatafuta bawaba mbili za kibao cha dirisha. Shaaban anazo, za sanduku la zamani la babu yake, na ameshasema atazitoa bure akiahidiwa kutotaniwa mwezi mzima.

"Nitajaribu wiki mbili," anasema Xaveri. "Jumapili nakwenda Kibingo. Siku hiyo hiyo natoka naye, tunalala Nkwenda, kesho yake tunaendelea. Milima yote nitashuka nikokote baiskeli, yeye akiwa juu. Kwenye upepo nitamfunika na koti langu. Tukichelewa tuchelewe. Njia ile naijua nikiwa peke yangu tu. Nataka kuiona nikiwa naye."